Mswaki wa betri: umemrudishia mama kicheko chake, ila yapo ambayo muuzaji hakuniambia

Mwana wa Pangani

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa mswaki wa umeme, hasa ule wa betri za kununua dukani. Naeleza niliyoyaona kwa miezi minane, mazuri na mabaya, halafu nina swali mwishoni.

Mama yangu ana miaka 71. Alipatwa na kiharusi, Mungu akamjalia akainuka: anatembea, anazungumza. Mkono wa kulia ndio haukurudi sawa, vidole vimelegea. Kijiko alikizoea kwa mkono wa kushoto, lakini mswaki ulimshinda. Alikuwa akiupitisha meno ya mbele mara tatu nne, mkono unachoka, anasukutua, basi. Mimi mwanawe wa kiume kumsafisha kinywa hakutaka hata kusikia. Mke wangu alimkubalia siku mbili, ya tatu akafumba mdomo. Haikupita muda fizi zikaanza kutoa damu na kinywa kunuka, naye kila mgeni akiingia anajiziba kwa ncha ya kanga. Huyu ni mama ambaye kicheko chake kilikuwa kinasikika nyumba ya tatu.

Nikiwa Dar kikazi nilipita Kariakoo, nikanunua mswaki wa betri kwa 18,000. Kichwa kidogo cha mviringo, mpini mnene, kitufe kimoja, na ndani zinakaa betri mbili za AA, zile zinazotumika kwenye saa ya ukutani. Nilinunua kwa kukosa la kufanya.

Kitu cha kwanza kilichomsaidia hakikuwa mota. Kilikuwa mpini. Mswaki wa kawaida ni mwembamba na vidole vilivyolegea haviwezi kuubana, ila huu una unene wa tochi ndogo na kiganja kizima kinaushika. Mota ndiyo ikafuata: yeye kazi yake ni kuuhamisha tu kutoka jino hadi jino, kusugua kunafanywa na mashine. Siku za mwanzo aliuwasha kabla haujaingia mdomoni, povu likaruka mpaka kwenye kioo. Nikamwelekeza auweke kwenye meno kwanza ndipo abonyeze, na auzime kabla ya kuutoa. Wiki ya tatu fizi zikaacha kutoa damu. Kanga ikashuka mdomoni yenyewe, hakuna aliyemwambia.

Na nyumbani kwetu umeme unakatika. Mswaki huu haujali.

Sasa mabaya, na haya naomba myasome kwa makini kama mnataka kumnunulia mzazi.

Betri haziishi ghafla, zinafifia. Mwezi wa pili mlio wa mota ulikuwa umeshuka, lakini mama anaishi nao kila siku, hakuuona utofauti. Alichofanya ni kuongeza nguvu ya kukandamiza. Mimi nilipokwenda kumtembelea ndipo nikasikia kwamba mswaki umechoka, na fizi za mbele zilikuwa zimeanza kuuma. Mswaki wenyewe hauna taa wala alama yoyote ya kukuonya.

Hauna kipimo cha muda. Nilimhesabia siku moja bila kumwambia, alitumia sekunde 40. Mashine inapiga kelele, basi mtu anaona kazi imekwisha haraka. Zinatakiwa dakika mbili.

Kichwa hakibadilishwi. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Miezi mitatu nyuzi zikapanuka kama ufagio uliochakaa, nikarudi kwa muuzaji kuulizia kichwa kipya, akaniambia nunua mwingine mzima. Mswaki wenye mota nzima kabisa unaingia jalalani kwa sababu ya nyuzi. Pigeni hesabu: mara nne kwa mwaka ni 72,000, bado betri.

Na wa pili maji yaliingia kwenye chumba cha betri. Nilipofungua nikakuta unga mweupe, waya umeliwa na kutu.

Nilitafuta historia ya kitu hiki nikafurahi. Mswaki wa umeme uliotangulia kuuzwa na kufahamika ulitoka Uswisi mwaka 1954, ukiitwa Broxodent, kazi ya daktari Philippe-Guy Woog. Ulikuwa unachomekwa ukutani. Na uliwalenga hasa wagonjwa ambao mikono yao haifanyi kazi vizuri, na waliofungwa nyaya za kunyoosha meno. Wa kuchaji usio na waya ulikuja 1961, wa General Electric ya Marekani. Maana yake ni kwamba kifaa hiki watu kama mama ndio walikuwa wa kwanza kufikiriwa, na sasa wanaotangaziwa ni vijana wanaotaka meno meupe.

Swali langu: nimhamishie kwenye wa kuchaji, au nibaki na wa betri? Na kama kuna daktari wa meno humu, kwa mtu aliyepata kiharusi kuna la zaidi natakiwa kujua?

Kijana wa Ngarenaro

Pole sana kaka kwa mama, na hongera kwa kumhangaikia. Nina swali la pembeni. Mimi nimekulia Arusha, meno yangu yana madoa ya kahawia toka utotoni. Kuna mtu ananiuzia mswaki wa umeme akisema baada ya mwezi madoa yatatoka. Ni kweli?

Tabibu wa Meno

Naanza na wewe wa Ngarenaro, usije ukatoa hela leo usiku. Hapana, hayatatoka. Maji ya maeneo mengi ya Arusha, hasa pembezoni mwa Mlima Meru, yana madini ya floraidi kupita kiasi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwenu kuna visima vinavyozidi hapo mara nyingi. Mtoto anapoyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, doa linaumbika humo humo kwenye tabaka gumu la nje la jino. Limo ndani ya jino, halikuja kukaa juu. Ukilisugua kwa mota utalisaga jino na doa utaliacha pale pale. Zipo njia za hospitali za kulipunguza au kulifunika, nenda kwa daktari wa meno akuangalie. Na usione aibu, nusu ya wagonjwa wangu wa ukanda huo wanakuja na swali hilo.

Mwana wa Pangani, umeandika vizuri na umefanya vizuri. Nianze na ushahidi. Mwaka 2014 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya majaribio ya afya, walikusanya majaribio 56 yaliyolinganisha mswaki wa mkono na wa umeme. Takwimu za kupigia hesabu zilipatikana katika 51, zenye washiriki 4,624. Mswaki wa umeme ulipunguza ukoga kwa asilimia 11 zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na asilimia 21 kwa waliotumia zaidi ya hapo. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6, kisha 11. Ushahidi mwingi zaidi ulikuwa wa ile yenye kichwa kinachozunguka nusu nusu kwenda na kurudi. Wenyewe wakasema haijulikani wazi kama tofauti hiyo ina uzito gani kwa afya ya kinywa ya mtu. Kwa hiyo mwenye mikono mizima, anayejua kupiga mswaki na kutulia dakika mbili asubuhi na usiku, mswaki wake wa buku unamtosha, nami sitamwambia auache. Mwenye mkono dhaifu ni habari nyingine kabisa. Kwake si suala la asilimia 11, ni suala la kusafisha au kutosafisha.

Kwa mama aliyepata kiharusi, haya:

Upande uliolegea hausikii chakula. Ugali au wali unabaki kati ya shavu na fizi na yeye hana habari. Akimaliza kula mtu aangalie shavu hilo, au ajipitishe kidole mwenyewe akiweza.

Apige mswaki akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Kama humeza kwa shida, weka dawa ya meno kidogo sana, na ikipatikana isiyotoa povu jingi ni bora. Povu na uchafu wa kinywa vikiingia njia ya hewa huleta nimonia, na kwa wagonjwa wa kiharusi hilo ni jambo la hatari, usilichukulie kuwa la usafi tu.

Mswaki wa umeme hausuguliwi. Unawekwa pale jino linapokutana na fizi, umelala kidogo kuelekea ufizi, unaachwa sekunde chache, unahamia jino la pili. Nje, ndani, juu. Anayeukandamiza na kuusugua kama wa mkono anajichimba, nimeona fizi nyingi zilizopanda juu na shingo za meno zilizolika kwa namna hiyo. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ya dawa ibaki ifanye kazi.

Na hakuna mswaki unaoingia katikati ya meno, uwe wa mota au wa mti. Hapo ni uzi wa meno, au vile vibrashi vidogo vyenye mkono, ambavyo kwa vidole vyake ni rahisi zaidi kuliko uzi. Kama ukoga umeshakuwa mgumu ukageuka ugaga, huo nao mswaki hauutoi. Mpeleke hospitali usafishwe.

Dada wa Nyuzi Ngumu

Hapo kwenye kujichimba naomba watu wasikie. Nilinunua wa betri wenye nyuzi ngumu, nikidhani ngumu ndiyo safi. Nilikuwa naukandamiza kwa nguvu kila usiku. Mwaka mmoja tu, chonge zangu mbili za juu zimeonyesha mizizi, maji ya baridi siwezi kuyanywa upande huo. Daktari aliniambia ufizi uliopanda haushuki wenyewe. Nunueni wenye nyuzi laini. Laini. Kama kwenye boksi hawakuandika, uache dukani.

Fundi wa Majengo

Mimi ni fundi wa redio na vifaa vidogo. Kaka wa Pangani, unga mweupe ule si maji pekee, ni betri iliyovuja, na nadhani nakijua chanzo. Angalia kwenye ganda la betri. Ikiandikwa R6 ni ya zinki na kaboni, hizo za bei ya chini zinazouzwa kwa pakiti. Ikiandikwa LR6 ni alkalaini. Herufi moja tu, lakini ni betri mbili tofauti. R6 inafaa saa ya ukutani, kitu kinachonyonya kidogo kidogo. Mota inavuta umeme mwingi kwa mpigo, R6 inachoka upesi, na ikichoka ganda lake la zinki linatoboka na kumwaga vilivyomo. LR6 nayo inavuja ukiisahau humo ikiwa imekwisha, ila inastahimili mota vizuri zaidi.

Dawa ya kufifia ni betri za kuchaji, zile zinazoandikwa NiMH. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo mswaki utaanza na kasi ndogo kidogo, lakini kasi ile ile inakaa mpaka karibu na mwisho, halafu inashuka kwa mara moja. Mama atajua. Nunua nne na chaja yake: mbili ndani ya mswaki, mbili akiba. Usichanganye mpya na iliyotumika, wala R6 na LR6.

Kuhusu maji: kwenye kifuniko cha chini kuna mpira mwembamba wa duara. Ukikatika au ukiingia mchanga, maji yanapita. Ufute, upake mafuta ya silikoni kidogo kama unayo. Baada ya kutumia suuza kichwa tu, usiutumbukize mzima kwenye kikombe, na usiusimamishe kichwa chini, mpini juu.

Waya ulioliwa unaweza kupona. Unga wa alkalaini futa kwa pamba yenye siki au limau, wa R6 tumia maji yenye magadi kidogo, kausha, kwangua pini mpaka zing'ae. Vaa glavu. Na betri zilizokwisha msizitupe kwenye moto wa takataka, nimeshaona moja ikilipuka karibu na watoto.

Shangazi wa Muscat

Mwanangu wa Pangani, salamu nyingi kwa mama. Mimi nampa neno anayetaka kuhamia wa kuchaji. Huku Oman umeme ni volti 240 na soketi ni za pini tatu za mraba kama za Tanzania na Kenya. Nilimpelekea dada yangu Tanga mswaki wa kuchaji, ukachomekwa siku hiyo hiyo, hadi leo unafanya kazi. Mtoto wa kaka yetu aliyeko Minnesota naye akatuma wake, wa bei mbaya zaidi. Wakauchomeka kwa adapta, ukanuka moshi, ukafa. Chaja yake ilikuwa ya volti 120 peke yake. Adapta inabadilisha pini tu, haibadilishi umeme. Geuzeni chaja msome maandishi madogo ya chini: yakiwa 100–240 ni salama popote, yakiwa 110–130 mwambieni aliyetuma autumie huko huko.

Mama Pacha

Wangu mmoja kati ya mapacha, miaka 6, hapendi kabisa ule mtetemo. Analia. Mwenzake anaupenda kuliko chakula. Nimeacha kulazimisha, mmoja wa mkono mmoja wa betri, na wote wawili nawamalizia mimi kwa sababu kwa umri huo hawajui kufika magegoni. Dawa ya meno saizi ya punje ya njegere, si zaidi.

Mzee wa Lamu

Asalaam aleikum. Nasoma habari za mota na mawe ya betri, na ningependa tukumbuke neno mswaki lenyewe limetoka wapi. Ni la mti. Huo mti upo, watu wanaukata, unauzwa nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Nina miaka 68 na meno yangu 29 yapo kinywani. Kijiti unakitafuna ncha mpaka kifanye nyuzi, unapitisha jino moja moja toka ufizini kwenda ncha, kila baada ya siku ukikata kipande na kuanza kingine. Hakuna cha kuvuja.

Tabibu wa Meno

Mzee wangu, shikamoo. Sikupingi. Mti ule wataalamu wanauita Salvadora persica na umechunguzwa sana, anayeutumia vizuri anasafisha ukoga. Ninachoongeza ni viwili: watu wengi husahau upande wa ndani wa meno kwa sababu kijiti kimenyooka, na dawa ya meno yenye floraidi bado inahitajika kuzuia kutoboka. Ila kwa mama wa kijana wetu, kijiti kinahitaji vidole vyenye nguvu kuliko hata mswaki wa plastiki.

Mzee wa Lamu

Marahaba daktari. Hilo la vidole nimelikubali. Mwenyezi Mungu amponye mama.

Mwana wa Pangani

Amina, mzee wangu. Wakuu nashukuru sana, sikutegemea majibu haya. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Niwape mrejesho. Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nilifungua ule uliokufa nikatazama betri: R6, zote mbili. Fundi, Mungu akuweke. Nilipaka siki kwanza kabla sijarudi kusoma ulichoandika, nikafuta nikarudia kwa magadi, pini moja imepona, nyingine imeliwa kabisa, basi nimeuacha.

Wa kuchaji nimeuona dukani Tanga, una vichwa vya kubadilisha, unatikisika kila sekunde 30 kukwambia hamia upande mwingine, na ukikandamiza sana mota inapunguza kasi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivuta. Chaja imeandikwa 100–240. Bei ni 165,000, na vichwa viwili vya akiba 40,000. Nilipiga hesabu ya miaka miwili dhidi ya kununua wa betri kila baada ya miezi mitatu, nikaona wa kuchaji unaupita wa betri kwa mbali. Nikamshikisha mama pale pale dukani ukiwa umezimwa. Akasema ni mzito, na kweli, ukiwa na mkono wa kushoto ambao nao umezeeka uzito unaonekana. Mpini wake pia ni mwembamba kuliko ule wa Kariakoo.

Kwa hiyo sijaununua. Tumebaki na wa betri, nyuzi laini, NiMH nne na chaja yake, na nimepata duka Dar linalouza aina yenye kichwa kinachochomoka. Dakika mbili anazipima kwa redio: anaanza taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza, na mdogo wangu aliye naye anamwambia zikitimia. Shavu la kulia anajiangalia mwenyewe kwa kioo kidogo, aliposikia neno nimonia hakutaka kukumbushwa tena.

Daktari, nimemwandikisha kusafishwa ugaga Jumanne ijayo. Amesema atavaa gauni jipya.